Rasilimali ya Ujuzi na Hesabu za Kampuni

Mizania ya kampuni huonyesha majengo, mitambo, magari na fedha zilizomo benki. Haionyeshi kwamba ni fundi mmoja tu ajuaye kwa nini mtambo fulani hukwama masika yaanzapo. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu Na. 38, iliyotolewa mwaka 1998, kwa kawaida hairuhusu ujuzi wa wafanyakazi kuandikwa kuwa mali, kwa kuwa kampuni haina mamlaka ya kutosha juu yake: mwenye ujuzi aweza kuondoka nao. Hata gharama za mafunzo huhesabiwa kuwa matumizi, sawa na malipo ya umeme.

Wapo waliojaribu kuupima. Mwaka 1991 kampuni ya bima ya Skandia, nchini Uswidi, ilimteua Leif Edvinsson kuwa mkurugenzi wa rasilimali hiyo, na baadaye ikatoa taarifa juu yake pamoja na hesabu zake za mwaka 1994. Ujuzi uligawanywa mafungu mawili: ule uendao nyumbani jioni pamoja na mfanyakazi, na ule ubakio kazini, yaani taratibu, kumbukumbu na uhusiano na wateja.

Baadaye mwanauchumi Ante Pulic alibuni kipimo ambacho watafiti wengi hukitumia, maana chahitaji hesabu za kawaida tu. Tuchukue kiwanda cha sabuni cha kubuni. Kimeuza bidhaa za shilingi milioni 180, na kimenunua malighafi na huduma za milioni 80. Ongezeko la thamani ni milioni 100. Mishahara ni milioni 40, na mtaji uliowekwa ni milioni 200. Gawanya ongezeko kwa mishahara: 2.5. Toa mishahara katika ongezeko, kisha gawanya baki kwa ongezeko: 0.6. Gawanya ongezeko kwa mtaji: 0.5. Jumla ni 3.6.

Sasa mwenye kiwanda apunguze mishahara kwa nusu, mauzo yasibadilike. Tarakimu zitakuwa 5, 0.8 na 0.5, jumla 6.3. Hakuna aliyejifunza lolote, lakini kiwanda chaonekana kimeerevuka mno! Kwa maoni yangu, kipimo hiki hupima mgawanyo wa pato kuliko ujuzi. Yule fundi akiacha kazi kwa sababu ya mshahara, hasara yake itaonekana katika hesabu za mwaka ufuatao, katika fungu la matengenezo.