Zibua si Toboa: Kauli ya Kutendua katika Ufundi wa Kabureta

Makala haya yanachunguza kauli ya kutendua kupitia kazi ya kufungua, kusafisha na kuunga upya kabureta ya injini ya boti. Mji wa Uriri, katika Kaunti ya Migori, hauna ufuo. Kabureta zake nyingi ni za pikipiki za bodaboda. Hata hivyo, kanuni ni ileile inayoendesha boti za Sori na Muhuru katika kaunti hiyohiyo, na za Mbita katika Kaunti ya Homa Bay. Tofauti iko katika hatari: pikipiki ikizimika, abiria hushuka, boti ikizimika katikati ya Ziwa Victoria, abiria hana pa kushukia.

Kabureta huchanganya hewa na petroli. Hewa ipitapo penye koo jembamba huongeza kasi, shinikizo lake likashuka, na petroli ikafyonzwa kutoka katika bakuli kupitia tundu dogo la shaba liitwalo jeti. Bakuli likijaa, boya hupanda na kusukuma sindano inayofunga njia ya mafuta. Petroli ikilala humo kwa muda mrefu, huacha utando unaoziba jeti.

Fundi huanza kwa kuchomoa waya wa plagi na kufunga petroli. Hufungua bakuli, hupachua boya na sindano, kisha hutoa jeti. Skrubu ya mchanganyiko hukazwa kwanza taratibu hadi ikome, mizunguko ikihesabiwa, ili baadaye irudishwe palepale. Sehemu za chuma huoshwa kwa dawa ya kabureta, jeti huzibuliwa kwa upepo wa pampu, na gasketi iliyochakaa hubadilishwa. Kwa kuwa injini nyingi za boti hupozwa kwa maji ya ziwa, majaribio hufanywa ikiwa majini au ndani ya pipa la maji.

Tazama vitenzi vya kazi hiyo: funga/fungua, ziba/zibua, pachika/pachua, chomeka/chomoa. Katika kila jozi, kitenzi cha pili hutangua tendo la kwanza. Kiambishi ni -u-, ila hugeuka -o- mzizi unapokuwa na irabu /o/, kama katika chom-o-a. Aidha, pachika na chomeka huacha viambishi -ik- na -ek- kabla ya kupokea kiambishi cha kutendua.

Hata hivyo, umbo pekee halitoshi. Chafua hutokana na kivumishi -chafu, wala halitangui tendo lolote. Toboa nalo lafanana na chomoa, lakini hakuna kitenzi *toba chenye maana ya kuziba. Kuzibua ni kulirudishia tundu upana wake. Kutoboa ni kufanya tundu jipya. Anayechokoa jeti kwa waya mgumu hudhani anazibua, kumbe anatoboa: shaba hulika, tundu hupanuka, petroli huzidi, na injini hutoa moshi na kukosa nguvu.

Ndiyo maana mfasiri wa kitabu cha maelekezo asitosheke na neno safisha. Msomaji aweza kuifuta kabureta nje ikang'aa, jeti ikabaki imeziba. Istilahi inayofaa tayari imo vinywani mwa mafundi. Wajibu wa mwanaisimu ni kuisikiliza, kuichambua na kuiandika kabla ya kubuni nyingine.