Mashine ya Kung'arisha Sakafu na Ekstensheni Yake

Mashine ya umeme ya kung'arisha sakafu haikai mahali pamoja kama jokofu. Huzunguka chumba kizima, hutoka hadi barazani, na pengine hufanya kazi juu ya terazo iliyomwagiwa maji. Ndiyo maana anayeitumia huhitaji ekstensheni. Mashine yenyewe huchaguliwa kwa makini. Ekstensheni hununuliwa njiani, kwa bei ya chini kabisa.

Tuanze na kasoro isiyoonekana. Zipo ekstensheni zenye soketi za matundu matatu ilhali ndani ya gamba la waya mna nyaya mbili tu. Tundu la tatu halikuunganishwa na chochote. Taa itawaka, simu itachaji, na mtumiaji hatagundua lolote mpaka siku atakapochomeka mashine yenye bodi ya chuma. Waya wa moto ukichubuka na kugusa bodi hiyo, umeme hupaswa kushuka ardhini kupitia waya wa ethi, kwa wingi wa kutosha kukata fyuzi. Ethi isipokuwepo, fyuzi haikatiki. Bodi hubaki na volti 230, na mtu aliyesimama peku kwenye maji, mkono ukiwa kwenye mashine, ndiye anayekuwa njia ya umeme huo kwenda ardhini.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, soma maandishi yaliyochapwa kwenye gamba la waya. Alama 3 × 1.5 au 3G1.5 ina maana ya nyaya tatu, kila mmoja wenye unene wa milimita za mraba 1.5. Ukiona 2 × 0.75, usiichukue, hata muuzaji akikuapia. Maandishi yasipokuwepo, omba plagi ifunguliwe kwa bisibisi. Waya wa kijani na njano uwe umefungwa kwenye pini ndefu. Dai risiti pia, maana bila hiyo malalamiko yako yatakuwa na uzito mdogo. Ni kweli kwamba mashine yenye alama ya mraba ndani ya mraba imekingwa maradufu, nayo haihitaji ethi. Lakini ekstensheni hiyohiyo kesho itachomekwa pasi, hivyo bado tunashauri ununue yenye nyaya tatu.

Jambo la pili ni joto, hasa kwa ekstensheni inayozungushwa kwenye gurudumu. Mkondo wa umeme ukiongezeka maradufu, joto ndani ya waya huongezeka mara nne, na waya uliokunjwa hauna pa kulitolea joto hilo. Tuseme gurudumu limeandikwa ampea 5 likiwa limekunjwa na ampea 13 likiwa limekunjuliwa. Mashine ya wati 1,500 kwa volti 230 huvuta takriban ampea 6.5. Gurudumu likikunjuliwa lote, kazi itafanyika salama. Mita chache zikivutwa na zilizobaki zikaachwa zimejiviringisha, plastiki huanza kulainika bila fyuzi ya ampea 13 kukatika, kwa kuwa mkondo haujafikia kiwango chake. Kunjua waya wote, hata kama chumba ni kidogo. Usiunganishe ekstensheni kwa ekstensheni, wala usibadili fyuzi iliyokatika kwa kipande cha waya.

Wakati wa kazi, anzia karibu na soketi ukienda mbali nayo, waya ukiwa nyuma yako au begani, usije ukanaswa na brashi. Kiungio cha plagi na ekstensheni kiwe mahali pakavu. Chomoa kabla ya kubadili brashi. Kuzima swichi ya mashine peke yake hakutoshi. Kama nyumba ina swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja kwa miliampea 30, bonyeza kitufe chake cha majaribio kabla ya kuanza. Kama haina, fundi mwenye leseni anaweza kuifunga.

Mtu akipigwa na umeme, usimshike. Zima meni swichi kwanza; ukishindwa kuifikia, simama pakavu, umtenganishe na waya kwa mti mkavu. Asipopumua, aanze kuhudumiwa palepale huku msaada ukiitwa. Apelekwe hospitali hata akisema yu mzima, kwa kuwa umeme huweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuunguza ndani ya mwili pasipo kuacha jeraha kubwa kwenye ngozi.