Je, rais ndiye anayeendesha uchumi wa Marekani?

Kila inapokaribia Novemba ya uchaguzi nchini Marekani, husikika madai mawili. La kwanza ni kwamba kuna chama kinachoujua uchumi na kingine kisichoujua. La pili ni kwamba aliyeko Ikulu ndiye wa kupongezwa au kulaumiwa kwa bei ya petroli, ajira na mfuko wa mwananchi. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Hapa pia lipo, ila haliko pale linaponyooshewa kidole. Majibu yafuatayo yanayapima madai hayo kwa takwimu za umma, ambazo Marekani imezitunza kwa miongo mingi.

Kwa hesabu tupu, uchumi umekua zaidi chini ya chama kipi?

Chini ya Democratic, tena kwa pengo kubwa. Wanauchumi wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Alan Blinder na Mark Watson, walipitia mihula 16 ya urais, kuanzia ule ambao Harry Truman aliushinda mwaka 1948 hadi muhula wa kwanza wa Barack Obama. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2016, pato la taifa, likiondolewa athari ya mfumuko wa bei, lilikua kwa wastani wa asilimia 4.33 kwa mwaka chini ya marais wa Democratic, na asilimia 2.54 chini ya wale wa Republican. Hesabu ya midororo nayo inaelekea huko huko. Kati ya 1953 na 2020 uchumi uliingia kwenye mdororo mara 11, na mara 10 kati ya hizo rais aliyekuwa madarakani mdororo ulipoanza alitoka Republican. Mara moja tu, mwaka 1980, alikuwa Jimmy Carter wa Democratic. Hayo huwashangaza wengi, kwa kuwa kwenye kura za maoni wapigakura mara nyingi wamewaamini Republican zaidi katika mambo ya uchumi.

Si ushahidi tosha basi kwamba sera za Democratic ni bora?

La, na wa kwanza kulisema hilo ni Blinder na Watson wenyewe. Walijiuliza pengo hilo limetoka wapi, wakaanza na mahali ambapo mwanasiasa yeyote angeanzia: matumizi ya serikali, kodi na riba. Hawakukuta jibu huko. Marais wa Democratic hawakuwa wakimwaga fedha zaidi kuliko wenzao, wala Benki Kuu haikuwa ikiwalegezea riba. Hata suala la chama kinacholishika Bunge halikusaidia kulieleza pengo. Yaliyojitokeza ni mambo ambayo hakuna ilani ya chama inayoweza kuyaahidi: bei ya mafuta duniani, tija iliyopanda kwa kasi zaidi, hali nzuri ya uchumi wa nje, na pengine matumaini ya walaji. Haya kwa pamoja yalieleza sehemu kubwa ya pengo, si lote. Tena mihula 16 ni sampuli ndogo mno, na mmoja tu wenye mambo yasiyo ya kawaida huuvuta wastani mzima. Muhula wa Truman uliangukia Vita vya Korea, viwanda vikafanya kazi ya kijeshi, na ukuaji ukapita asilimia 6 kwa mwaka. Sidhani kuna anayetaka kuiweka vita hiyo kwenye orodha ya sera nzuri za uchumi.

Tuyatazame mafuta kwa karibu. Nchi za Kiarabu zilipoweka vikwazo vya mafuta Oktoba 1973, aliyekuwa Ikulu ni Richard Nixon. Mapinduzi ya Iran yalipoipandisha bei tena mwaka 1979, yalimkuta Carter. Iraq ilipoivamia Kuwait Agosti 1990, zamu ilikuwa ya George Bush mkubwa. Mara mbili Republican, mara moja Democratic, na hakuna kati yao aliyeyachagua hayo. Ugonjwa wa korona uliouangusha uchumi Februari 2020 ungemkuta yeyote aliyekuwa kitini. Sasa tazama hisa za kampuni za teknolojia. Zilianza kuporomoka Machi 2000, Bill Clinton akiwa bado rais, lakini mdororo ulihesabiwa kuanzia Machi 2001, miezi miwili baada ya George W. Bush kuapishwa. Jedwali linamwandikia Bush mdororo huo, na kwa kanuni za jedwali ni sahihi. Ila mtu atakayetaka kuonyesha kwamba ni sera zake zilizouleta katika wiki zile chache atapata kazi ngumu.

Blinder si aliwahi kufanya kazi na serikali ya Clinton? Kwa nini tumwamini?

Ni kweli, na swali hilo ni halali. Clinton alimteua kuwa makamu mwenyekiti wa Benki Kuu mwaka 1994. Lakini angalia upendeleo huo, kama upo, ungempeleka wapi. Mshabiki wa chama angeishia kwenye lile pengo na kushangilia. Yeye na mwenzake walikaa wakalifumua, wakaishia kuwanyima marais wa chama chake sifa nyingi walizokuwa wakijipa. Takwimu walizozitumia pia ziko wazi, na yeyote anaweza kuzirudia.

Unataka kusema rais hana nguvu yoyote juu ya uchumi?

Hapana. Nguvu anayo, ila tunaitafuta mahali pasipo pake. Ukuaji wa pato la taifa lote ni jumla ya maamuzi ya mamilioni ya kaya, kampuni, majimbo, Bunge, na nchi nyingine. Mkono wa rais huzama humo. Huonekana ukishuka hadi kwenye bidhaa moja. Mapema mwaka 2018 serikali ya Donald Trump ilitoza ushuru wa forodha kwenye mashine za kufulia nguo kutoka nje, kuanzia asilimia 20 hadi 50. Watafiti watatu, Aaron Flaaen, Ali Hortaçsu na Felix Tintelnot, walifuatilia bei madukani. Bei ya mashine za kufulia ilipanda kwa takriban asilimia 12. Cha ajabu, mashine za kukaushia nguo nazo zilipanda kwa kiasi hicho hicho, ingawa hazikutozwa chochote. Sababu ni kwamba wateja wengi hununua zote mbili kwa pamoja, hivyo wauzaji waligawanya ongezeko hilo kwenye jozi. Ajira zilizopatikana zilikadiriwa kuwa 1,800, na kila moja iliwagharimu wanunuzi zaidi ya dola 800,000 kwa mwaka. Hapo tuna rais, uamuzi, tarehe, na njia inayofuatika kutoka ofisini hadi kwenye risiti ya dukani.

Mfumuko wa bei wa 2022 ni mgumu zaidi, na ndio unaozipima vizuri hoja za pande zote. Juni mwaka huo ulifika asilimia 9.1, petroli ikapita dola 5 kwa galoni. Wapinzani wa Joe Biden waliunyooshea kidole mpango wake wa misaada wa dola trilioni 1.9 wa Machi 2021. Watetezi wake walijibu kwamba dunia nzima ilikuwa ikiungua, na kweli Oktoba 2022 mfumuko ulifika asilimia 10.6 katika nchi zinazotumia yuro na 11.1 Uingereza, ambako Biden hakuandika sheria yoyote. Hoja ya watetezi ina uzito, ila haimalizi shauri. Wachumi wa tawi la Benki Kuu lililoko San Francisco waliilinganisha Marekani na nchi nyingine tajiri, wakakadiria kwamba misaada ya kipindi cha korona huenda iliongeza mfumuko kwa takriban pointi 3 kufikia mwisho wa 2021. Lakini misaada hiyo ilianza kutolewa chini ya Trump na kuendelea chini ya Biden. Kwa hiyo serikali zilichangia, zote mbili, na bado sehemu kubwa ya moto ule ilitoka kwingine.

Kuna pia chombo ambacho wengi hukisahau, nacho ni Benki Kuu. Rais humteua mwenyekiti wake, kisha hana amri juu ya riba. Carter alimteua Paul Volcker Agosti 1979, na mwaka uliofuata mfumuko ukawa na wastani wa asilimia 13.5. Volcker alipandisha riba hadi ukosefu wa ajira ukafika asilimia 10.8 mwishoni mwa 1982. Bei zikatulia, uchumi ukakua kwa zaidi ya asilimia 7 mwaka 1984, na Ronald Reagan akashinda majimbo 49 kati ya 50. Dawa ilitolewa na mteule wa Carter, machungu yakaanza kwa Carter, mavuno yakaenda kwa Reagan. Kwa haki, Reagan alivumilia machungu yake mwenyewe bila kumzuia Volcker, na hilo nalo lina thamani. Hata mkopaji wa Nairobi aliuona mkono wa benki hiyo: ilipopandisha riba kutoka karibu sifuri Machi 2022 hadi asilimia 5.25–5.50 Julai 2023, dola ilizidi kuwa ghali na shilingi ya Kenya ikadhoofika hadi karibu 160 kwa dola mapema 2024.

Kama ushahidi ni huo, mbona imani haifi?

Kwa sababu watu wengi hujibu maswali ya uchumi kwa miwani ya chama. Chuo Kikuu cha Michigan huwauliza Wamarekani kila mwezi wanauonaje uchumi. Baada ya uchaguzi wa 2016, wa 2020 na wa 2024, majibu ya wafuasi wa vyama yaligeuka: waliokuwa wakilia wakaanza kuona mwanga, waliokuwa wakitabasamu wakaanza kununa. Ajira na bei zilikuwa karibu zile zile za wiki chache nyuma.

Lakini nisiwabebeshe wananchi lawama zote. Juni 2022 kipimo hicho cha Michigan kilishuka hadi 50, kiwango cha chini kuliko chochote kilichowahi kufikiwa hadi wakati huo, huku ukosefu wa ajira ukiwa asilimia 3.6 tu. Wachambuzi kadhaa waliwaona watu wamepotoka. Mimi naona wachambuzi ndio walioshika kipimo kisichofaa. Mfumuko ukishuka, bei hazirudi zilikokuwa. Zinaacha tu kukimbia. Kati ya Januari 2021 na Januari 2025 bei za walaji zilipanda kwa zaidi ya asilimia 20. Mnunuzi anayekumbuka bei ya zamani ya mayai anasoma takwimu sahihi, ila si ile inayosomwa kwenye televisheni.

Je, takwimu zenyewe haziwezi kuchezewa na aliyeko Ikulu?

Hofu hiyo iliongezeka tarehe 1 Agosti 2025. Taarifa ya ajira ya siku hiyo ilipunguza ajira za Mei na Juni kwa jumla ya 258,000, na saa chache baadaye Trump akamfukuza kamishna wa takwimu za ajira, Erika McEntarfer, akidai zimepikwa. Hakutoa ushahidi. Masahihisho ya namna hiyo hufanyika kila mwezi, kwa sababu waajiri wengi huchelewa kurudisha fomu, na wanaochelewa hawafanani na wanaowahi. Takwimu isiyosahihishwa kamwe ndiyo ya kutiliwa shaka.

Wapigakura, basi, humwadhibu rais kwa uchumi upi?

Kwa uchumi wa miezi ya karibuni, tena ule wanaouhisi, na mwaka 1992 unalionyesha hilo vizuri. Mdororo wa Bush mkubwa ulikuwa umekwisha Machi 1991. Ajira, kama kawaida yake, zilichelewa kufuata: ukosefu wa kazi uliendelea kupanda hadi asilimia 7.8 Juni 1992, kwa hiyo waliomkataa Novemba hawakuota ndoto. Jopo la wanauchumi linalopanga tarehe za midororo lilitangaza tarehe 22 Desemba 1992, wiki saba baada ya Bush kushindwa, kwamba mdororo huo ulikuwa umekwisha. Clinton alipoapishwa Januari 1993 alikuta uchumi umeshakua kwa miezi 22, na kwenye jedwali la marais ukuaji wa miaka iliyofuata uko chini ya jina lake.