Siku nzima na watoto, nimefanya nini?

Swali: Niko Mpendae, nina mtoto wa miaka 3 na mwengine wa miezi 8. Niliacha kazi niwalee. Nawafurahia, lakini magharibi ikiingia sioni nilichofanya. Nawapa nini hasa?

Jibu: Mama, unawapa mengi. Huyo mdogo anapobwabwaja nawe ukamjibu kwa kumtazama usoni, unamjengea lugha. Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia, katika mwongozo wao wa malezi wa 2018, waliliweka jambo hilo la kumwitikia mtoto sambamba na afya, lishe, usalama na nafasi ya kujifunza.

Kwa hiyo usiharakishe kazi za jikoni. Mkubwa achambue mchele pamoja nawe, aulize, acheke akikuta chuya. Hapo anajifunza kuhesabu na kutulia, nawe unamjua mwanao. Mimi naiona hii ndiyo raha kubwa ya kukaa nao.

Alasiri jua likipoa, mtoe uchochoroni akimbie na wenzake. Umri wake unahitaji angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa siku.

Na baba yao akirudi, mwachie wote wawili, ukaoge bila haraka.