Somo la Kumi na Nne: Kauli ya Kutendwa katika Tangazo la Kuuza Nyumba

Soma kwanza kifungu hiki, kilichotungwa kwa ajili ya somo:

Nyumba inauzwa. Ipo Nyanza-Lac, mahali patulivu, mwendo mfupi kutoka ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Imejengwa kwa matofali ya kuchoma na kuezekwa kwa mabati. Ina vyumba vinne vya kulala, sebule, jiko la nje na baraza inayoelekea ziwani. Ua umezungushiwa ukuta, na ndani yake imepandwa miembe miwili. Inafaa kwa familia kubwa. Bei itazungumzwa.

Kifungu kina vitenzi sita vya kauli ya kutendwa: inauzwa, imejengwa, kuezekwa, umezungushiwa, imepandwa na itazungumzwa. Hakina hata mtenda mmoja. Maneno “kwa matofali” na “kwa mabati” yanataja vifaa vilivyotumika. Mtenda angetanguliwa na “na”: imejengwa na fundi. Wanafunzi wengi huchanganya “na” na “kwa” hapa, na mwalimu asichoke kusahihisha. Izingatiwe pia kwamba “na” hutumika kwa nguvu za maumbile zinazotenda zenyewe, kama katika “nyumba iliingiwa na maji”, sentensi ambayo wakazi wa ufuko wa Rumonge wameisikia mara nyingi katika miaka ya karibuni ziwa lilipopanda.

Kuhusu umbo, kiambishi ni -w-, nacho hubadilika kulingana na mwisho wa shina. Uza hutoa uzwa, jenga hutoa jengwa. Vitenzi viishiavyo kwa irabu mbili huongeza -liw- au -lew-: nunua, nunuliwa, ondoa, ondolewa. Vitenzi vya asili ya kigeni huchukua -iw- au -ew-: rithi, rithiwa, miliki, milikiwa, samehe, samehewa. Hayo hujifunzwa kwa siku moja. Lililo gumu ni matumizi, na huko ndiko somo hili linakoelekea.

Kauli ya kutendwa humruhusu msemaji kumwacha mtenda nje ya sentensi. Mara nyingi hakuna ubaya: msomaji hahitaji kumjua fundi aliyeezeka paa. Lakini katika “Nyumba inauzwa” aliyeachwa nje ni muuzaji, na muuzaji ndiye mtu ambaye mnunuzi lazima amjue. Katika ufuko huu jambo hilo lina uzito wa pekee. Mwaka 1972, baada ya uasi uliozuka mwishoni mwa Aprili katika sehemu za Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji makubwa yaliyofuata nchini, watu wengi mno walikimbilia Tanzania. Mashamba na nyumba zao zilichukuliwa, zikagawanywa, nyingine zikauzwa. Baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 wengi walirejea na kuzidai, na mwaka 2006 iliundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine kushughulikia migogoro hiyo. Aliyeikuta nyumba yake ina mtu alidai haki. Aliyekuwa ndani, ambaye pengine alinunua kwa fedha yake, alidai haki pia.

Rudi sasa kwenye aya iliyotangulia. “Zilichukuliwa, zikagawanywa, zikauzwa”: na nani? Sarufi haikulazimisha jibu, nasi hatukulitoa. Mwanachuo atakayelitambua hilo bila kuelekezwa ameshaelewa somo.

Linganisha sentensi tatu:

Jirani alimuuzia mgeni nyumba.
Nyumba iliuzwa.
Mgeni aliuziwa nyumba.

Ya tatu hutokana na kauli ya kutendea, uzia, iliyotiwa -w-. Kiima chake ni mnunuzi. Ndiyo sentensi ambayo mtu aliyedhulumiwa huitumia mbele ya wazee: “Niliuziwa nyumba ya mtu mwingine.” Asemapo “nilinunua”, anajitaja kuwa mtenda, asemapo “niliuziwa”, anaelekeza macho kwa mwingine. Tofauti hii haimo katika orodha za minyambuliko, nayo yastahili kipindi kizima.

Kuna pia ukanushi. “Nyumba hii haiuzwi”, maneno yanayoonekana kwenye kuta katika miji mingi ya Afrika Mashariki, ni kauli ya mwenye mali anayewaonya wanunuzi dhidi ya matapeli. “Haijauzwa” husema mnunuzi bado hajapatikana. “Haiuziki”, kauli ya kutendeka, husema nyumba haipati mnunuzi, au haifai kuuzwa. Nyumba iliyo ndani ya ukanda wa meta 150 kutoka Ziwa Tanganyika, uliowekwa na sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012, inaweza kutangazwa kuwa inauzwa ilhali kwa haki haiuziki.

Tanbihi kwa mwalimu wa Burundi. Katika Kirundi, kugura ni kununua na kugurisha ni kuuza. Ng’ambo ya ziwa, katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, husikika vivyo hivyo “kuuza” kwa maana ya kununua na “kuuzisha” kwa maana ya kuuza. Mwanafunzi aandikaye “baba aliuza nyumba” huenda anamaanisha baba aliipata. Muulize kabla ya kutia alama ya kosa, kisha mfundishe Kiswahili sanifu kitakiwacho katika hati.

Zoezi

1. Andika upya kifungu cha tangazo ukitumia kauli ya kutenda. Ni watenda wangapi umelazimika kuwabuni?

2. Nyambua katika kauli ya kutendwa: rithi, gawa, gawia, rudisha, rudishia, pa, kimbia. Kipi kinaleta shida ya maana, na kwa nini?

3. Mnunuzi amesoma tangazo hilo na anakwenda kumwamkia mzee wa mtaa kabla ya kutoa fedha. Tunga maswali matano atakayomwuliza kwa adabu, kila moja likiwa na kitenzi cha kutendwa kinachofuatwa na “na nani”.