Dondoo Muhimu: Viatu vya Pedeli Zenye Vishikio

Ewe ndugu uliyetia vishikio vya vidole katika pedeli za baiskeli yako, au kinga kama tuiitavyo hapa Likasi, kabla hujatoa fulusi kwenye marundo ya mitumba, zingatia haya:

1. Kikunje kiatu kwa mikono miwili. Kikijipinda kama kitambaa, kiache, kwani soli laini huumiza unyayo.
2. Chagua soli bapa: meno marefu ya buti hunasa, na mguu usiochomoka upesi huleta maanguko.
3. Epuka ncha pana.
4. Nenda sokoni na kishikio kimoja, ukijaribu kiatu humo papo hapo.
5. Chomeka gidamu ndani, zisizongwe na mnyororo.
6. Wakati wa mvua, kwangua udongo mwekundu kwenye soli kabla ya kupanda.
7. Legeza ukanda wa kishikio kabla hujafika njia panda.