Gari Dogo Liendalo kwa Mteremko

Katika vijiji vya Karema, Inyonga na Usevya, hata mjini Mpanda, ni nani asiyepata kumwona mtoto akivuta kigari cha mabua, chenye magurudumu yaliyokatwa katika ndara kuukuu? Watu wazima hupita wakicheka, wasema, "Mchezo wa watoto huo." Sisi twaona kwamba katika mchezo ule imo elimu kubwa, na leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa walimu na wazee wenye watoto shuleni, namna ya kuitoa.

Huko Ayalandi tangu mwaka 1965 wanafunzi wameonyesha kazi zao za sayansi mbele ya waamuzi. Desturi hiyo ilifika kwetu, na tangu mwaka 2012 yamefanywa Dar es Salaam maonyesho ya Young Scientists Tanzania kwa shule za sekondari. Katika mashindano ya namna hii huko Marekani, kazi mojawapo iliyopata kufanywa ni kutengeneza gari dogo lisilo na injini, wala betri, wala mpira wa kuvuta. Gari huwekwa juu ya ubao wa mteremko, likaachwa, likashuka, likaenda sakafuni mpaka karibu na alama. Waamuzi hutazama upesi wake, tena hupima limesimama mbali kiasi gani na alama. Basi gari lipitalo alama limekosa sawasawa na lile lisilofika.

Nguvu ya gari hilo yatoka wapi? Yatoka katika mvuto wa dunia. Mtu apandishapo gari juu ya ubao huweka akiba, kama mkulima awekaye mahindi ghalani. Kadiri ya kimo ndiyo kadiri ya akiba. Gari lishukapo hutoa akiba ile ikawa mwendo, wala haiwezekani kutoa zaidi ya kilichowekwa. Na kama vile panya na wadudu walavyo mahindi, ndivyo msuguano ulavyo mwendo. Kwa gari la uzito ule ule, fundi mwema hawezi kuongeza akiba pasipo kuongeza kimo. Kazi yake ni kuwazuia panya.

Watu wa Goma, kando ya Ziwa Kivu katika Congo, wanalijua jambo hili bila ya kulisoma kitabuni. Wanacho chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kiitwacho chukudu. Mteremkoni mwenyewe hukipanda pamoja na mzigo wake kikamchukua. Mlimani yeye ndiye akisukumaye. Akiba ya kushuka huilipa kwa jasho la kupanda.

Sasa twaeleza namna ya kutengeneza. Chukua ubao mwepesi, urefu wake sentimeta 30 na upana 10. Chini yake funga mirija miwili ya kalamu, mmoja mbele na mmoja nyuma. Ndani ya kila mrija pitisha spoki iliyonyoka ya baiskeli, nayo izunguke bila kukwama. Magurudumu na yawe vifuniko vinne vya makopo, vyepesi, vya kipimo kimoja. Gurudumu zito hujilia sehemu kubwa ya akiba kwa kuzunguka kwake tu. Tundu lazima liwe katikati kabisa: kata karatasi ya duara iliyo sawa na kifuniko, ikunje mara mbili, na pale mikunjo inapokatana ndipo katikati. Kaza magurudumu kwa gundi katika spoki. Kisha pima nafasi kati ya spoki ya mbele na ya nyuma, upande wa kuume na wa kushoto. Zisipolingana, gari litakwenda kombo.

Magurudumu yawe magumu. Tazameni reli itokayo Kaliua kuja Mpanda, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Gurudumu la chuma juu ya chuma halibonyei, kwa hiyo mwendo wake haupotei upesi. Gurudumu la ndara hubonyea kila lizungukapo, na kila kubonyea ni hasara.

Gari likiisha, kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Weka ubao wa mteremko, na mwisho wake utandike karatasi ngumu ili gari lisijigonge lifikapo sakafuni. Liache kutoka kimo cha sentimeta 10, kisha 20, kisha 30, kisha 40. Kila kimo mara tano. Pima kila mara mahali liliposimama, andika, ukatafute wastani. Ukiona kwamba kutoka kimo cha 20 lilikwenda karibu meta 4, basi kutoka 40 tazamia karibu meta 8, kwa maana akiba imekuwa maradufu. Walakini upesi hauwi maradufu: kama hakuna kilichopotea, kimo cha nusu meta hutoa mwendo wa meta 3.1 kwa sekunde, na kimo cha meta 1 hutoa 4.4 tu. Mwanafunzi na aandike kwanza analotazamia, ndipo aliache gari. Hapo ndipo mchezo unapogeuka kuwa sayansi.

Wako wanafunzi ambao gari likienda vibaya hufuta hesabu ile, wakabakiza zile nzuri. Hao wanajidanganya wenyewe. Toka Mpanda mpaka Dar es Salaam ni safari ya kilometa zaidi ya 1,000, na sakafu ya huko yaweza kuwa laini kuliko saruji mbovu ya darasa letu. Gari lililosimama penye alama nyumbani litapita alama huko. Mwenye daftari la kweli hatafadhaika: ataliachia gari mara moja kwa majaribio, atapima, atalinganisha na hesabu zake, kisha atapunguza kimo kwa kadiri ile ile. Aliyefuta makosa yake hana cha kulinganisha. Na aliyetengenezewa gari na fundi wa mjini atashikwa na haya mwamuzi amwulizapo sababu.

Kwa hiyo twawaomba wazazi wasiwanyime watoto, wavulana kwa wasichana, vipande vya mbao na spoki kuukuu. Walimu nao wasiogope kwamba hawana chumba cha sayansi. Ubao, kopo, rula na daftari vyatosha kuanza, na mvuto wa dunia hauuzwi dukani. Uko Mpanda kama ulivyo Dar es Salaam.